Moshi Usiosikika

Kitenzi kusikia katika lugha yetu kina kazi nyingi. Tunasikia sauti, tunasikia harufu, tunasikia baridi na njaa, na mtu akiguswa bega gizani husema amesikia mkono. Lugha nyingine zimezigawa kazi hizi kwa vitenzi mbalimbali. Kiswahili kimezikusanya chini ya kimoja, na sikuwahi kujiuliza maana ya mkusanyiko huo mpaka nilipoanza kushughulika na bomba la moshi la pikipiki ya baba yangu. Ubovu wa ekzosi hujulikana kwanza kwa sikio, kisha kwa pua, kisha kwa ngozi ya mguu. Jicho ni shahidi wa mwisho, na aghalabu hufika mahakamani hukumu imekwisha kutolewa. Baba, ambaye macho yake yalikuwa yametiwa kiza na maradhi ya presha ya macho, ndiye aliyekuwa hodari kuliko sisi sote katika elimu hii. Na yeye ndiye aliyekaribia kupotea kwa kitu kilichomo ndani ya moshi ule ule, ambacho hakisikiki kwa namna yoyote kati ya hizo nilizozitaja.

Nianze na pikipiki yenyewe. Ni BMW R 100 RT iliyoundwa mwaka 1981. Aina hiyo ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1978 kwa ajili ya safari ndefu: ina ngao pana mbele ya kumkinga mpandaji na upepo na mvua, masanduku mawili kando ya gurudumu la nyuma, na injini ya sentimita za ujazo 980 inayopozwa kwa upepo. Silinda zake ni mbili tu, nazo hazikusimama. Zimelala, moja kulia na moja kushoto, zikitokeza nje kama mtu aliyenyosha mikono kuzuia mbuzi wasipite. Mpango huo ni wa zamani. Max Friz aliuchora kwa ajili ya R 32, pikipiki ya kwanza kutolewa kwa jina la kampuni hiyo mwaka 1923, na vizazi vyake vimeendelea kuufuata. Kila silinda ina bomba lake la moshi. Mabomba yanashuka mbele, yanapita chini ya injini ambako yameunganishwa na kipande kifupi, kisha yanakwenda nyuma kila moja katika kizuia sauti chake, kile ambacho mafundi wetu hukiita sailensa.

Baba aliinunua mwaka 1989 kwa mhandisi wa Kijerumani aliyemaliza mkataba wake Tanga, ambaye hakutaka gharama ya kuirudisha kwao. Baba alikuwa mwalimu wa hisabati, na majirani zetu wa Chumbageni walisema kuwa mshahara wa mwalimu umenunua farasi usiyeweza kumlisha. Walikosea. Kwa zaidi ya miaka 20 alikwenda nayo Muheza, Korogwe na Same. Alipanda nayo milima kutoka Mombo hadi Lushoto. Na kila mwaka alikwenda Moshi kumtazama ndugu yake. Mama alikuwa na mzaha wake, kwamba mumewe hakwenda Moshi kumfuata mtu bali kuufuata moshi.

Alinifundisha sauti mbili nikiwa bado mwanafunzi wa sekondari. Ya kwanza ni mlio mdogo mkavu, chi, chi, chi, unaosikika injini ikiwa baridi na kufifia ikipata moto. Huo, alisema, ni upenyo penye kiungo cha bomba na kichwa cha silinda: chuma kikipata joto hutanuka, upenyo hujifunga kwa muda, na mwenye haraka hudhani umepona. Ya pili husikika katika mteremko. Mpandaji akiurudisha ghafula mkono wa mafuta, injini huendelea kuvuta petroli kidogo ambayo haiwaki yote, na mvuke wake huingia katika bomba la moto. Bomba likiwa zima, mvuke huo hupita kimya kwa sababu hapana hewa ya kutosha ya kuuwasha. Lakini moshi hautoki katika injini kwa mkondo ulio sawa. Hutoka kwa mapigo, na baina ya pigo na pigo bomba huvuta pumzi. Likiwa na tundu, huivuta hewa ya nje kupitia tundu lile. Hewa na petroli hukutana penye joto, na hapo husikika pa, pa, papa, kama fataki za sikukuu. Najua wapo vijana wa bodaboda wanaotoboa mabomba yao makusudi ili wapate sauti hiyo. Sina ugomvi nao, isipokuwa usiku.

Macho ya baba yalimlazimisha kuacha kuendesha mwaka 2012. Pikipiki ikaingizwa bandani nyuma ya nyumba, ikafunikwa turubai, ikakaa miaka saba. Mimi nilikuwa nikifundisha Dar es Salaam, na kila nilipokwenda Tanga nilimwahidi kuwa likizo ijayo nitaiamsha. Hatimaye, Aprili 2019, nilitimiza ahadi. Nilinunua betri mpya, nikasafisha kabureta zote mbili, nikamwaga petroli iliyooza tangini, nikabadilisha oili na plagi. Mvua za masika zilikuwa zikinyesha siku ile kwa upande, zikiingia bandani kwa mlango, nami nikaufunga mlango.

Injini iliwaka kwa jaribio la tano. Sina maneno ya kuueleza uso wa baba. Aliketi juu ya kigoda karibu na silinda ya kushoto, ameinamisha kichwa kama anayesikiliza masomo, na baada ya muda akasema, "Kushoto panavuja."

"Naam, baba, napasikia," nilijibu, ingawa sikusikia kitu ila mvua juu ya mabati.

Akaniamuru nipige resi, nikapiga. Akaniamuru nipunguze, nikapunguza. Nilitoka mara mbili, mara moja kutafuta spana, mara ya pili kumwomba mama ubani na kijiti cha udi, maana moshi wa udi ukipitishwa karibu na kiungo chenye upenyo hutikisika kwa mapigo na kumwonyesha mwenye macho kile ambacho mwenye masikio amekwisha kukijua. Kweli, penye kichwa cha silinda ya kushoto uzi wa moshi ulikatikakatika. Tulifurahi. Yote haya yalichukua kama dakika 20, injini ikiwaka, mlango umefungwa, na baba hajaondoka juu ya kigoda chake.

Jioni alisema kichwa kinamgonga. Akajilaza, akatapika. Mimi nami nilikuwa na kichwa kizito, lakini nilikinyamazia. Nyumba nzima ilikubaliana kuwa ni malaria, kwani mtu wa Tanga akitapika katika masika atapewa jina gani jingine? Tulimpeleka kupimwa. Damu yake haikuwa na vijidudu. Muuguzi wa zamu, mama wa makamo, alimtazama baba, akanitazama mimi nilivyojishika kipaji cha uso, akauliza, "Na wewe kichwa kimeanza lini?"

"Leo alasiri."

"Pamoja na mzee?"

"Naam."

"Mlikuwa mmekaa na jiko la mkaa ndani?"

Nilimjibu, kwa majivuno kidogo, kwamba sisi hupikia gesi. "Basi jenereta?" akauliza. Nikanyamaza. Sikupata kunyamaza hivyo mbele ya mtu tangu nilipokuwa mtoto.

Baba aliwekewa hewa ya oksijeni usiku ule, na siku ya pili akarudi nyumbani, mchangamfu, mwenye haya kidogo, kana kwamba yeye ndiye aliyekosa. Mimi nilisoma, nimechelewa, mambo ambayo mtu mwenye shahada hana udhuru wa kutoyajua. Petroli ikiungua pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala koo. Tangu mwaka 1857 Claude Bernard, tabibu wa Ufaransa, alikwisha kueleza jinsi inavyoua: huingia katika damu na kukalia kiti cha oksijeni. Ile chembe nyekundu ya damu yenye kazi ya kubeba oksijeni huishika kaboni monoksidi kwa nguvu zaidi ya mara 200, na ikiisha kuishika haiiachi upesi. Mtu huvuta pumzi kama kawaida, kifua hupanda na kushuka, na mwili unakufa njaa ya hewa katikati ya hewa. Dalili zake za kwanza ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, yaani dalili za maradhi yoyote yale. Injini ya kabureta ya miaka ile, isiyo na kifaa cha kusafisha moshi, huweza kutoa hewa hiyo kwa asilimia kadhaa ya moshi wake inapowaka pole pole bila ya kwenda. Ile harufu kali ya petroli na oili tuliyoisikia bandani ilikuwa ya wenzake walioingia pamoja naye; mwuaji mwenyewe hakuwa na harufu.

Haki inanitaka niseme pia kwamba ni kosa kuitwika ekzosi mbovu lawama yote. Bomba zima lingetujazia banda vile vile. Tundu la kushoto lilifanya moshi utokee penye magoti ya baba badala ya kutokea nyuma. Aliyefunga mlango ni mimi.

Nilitia nia ya kulitengeneza bomba lile mara moja, na nia yenyewe ilikuwa na hasira ndani yake. Katika pikipiki hii bomba la moshi hushikwa penye kichwa cha silinda na nati kubwa ya mviringo, yenye mapezi kama jua wanavyolichora watoto. Nati hiyo ni ya alumini, na hesi inamofungwa, ambayo ni sehemu ya kichwa cha silinda chenyewe, nayo ni ya alumini. Alumini kwa alumini, zikipashwa moto na kupoa mara elfu nyingi, katika mji ambao upepo wake una chumvi, huelekea kushikana na kuwa kitu kimoja. Dawa yake ni nyepesi na inajulikana: nati hufunguliwa kila mwaka, hesi husuguliwa kwa brashi mpaka ing'ae, hupakwa mafuta mazito yenye unga wa shaba yasiyoungua kwa joto, na nati hufungwa tena; kisha, injini ikiisha kupata moto na kupoa mara mbili tatu, hukazwa kidogo kwa kuwa viungo vimekwisha kukaa mahali pake. Baba alifanya hivyo kila mwaka katika wiki inayofuata Idi Kubwa. Kwa miaka saba hapana aliyefanya.

Niliitia nati ya kushoto spana yake maalumu, ikakataa. Nikachomeka bomba la chuma la urefu wa mita moja katika mkono wa spana, nikavuta kwa uzito wangu wote. Ikazunguka, na mimi nikapiga kelele za ushindi.

"Hiyo siyo nati," baba alisema kutoka kigodani, safari hii nje, chini ya mwembe. "Hiyo ni hesi."

Ilikuwa hivyo. Nati ilitoka na unga unaometameta, na ndani yake, kama nyama katika meno, ilikuwa imebeba karibu nusu ya hesi ya kichwa cha silinda.

Kwa upande wa kulia nilimwita fundi mmoja wa Ngamiani, mzee anayetengeneza injini za mashua. Alikitazama nilichokifanya kushoto, asiseme neno, jambo lililoniuma kuliko kama angesema. Akaimwagia nati ya kulia mafuta ya kulegeza kutu, akaenda zake. Alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Siku ya tatu aliipasha moto kwa gesi, akaigonga kwa nyundo ya mbao pande zote, akajaribu spana kwa mkono mmoja tu. Haikusogea. Basi akatoa msumeno wa chuma.

Nilimzuia. Nati zile zilitoka Ujerumani na pikipiki. Baba alizisugua kwa mikono yake miaka yote ile. Kuzikata kulionekana kwangu kama kukata kitu chake.

"Mwalimu," alisema, "nati nitakukerezea, au utaagiza. Kichwa cha silinda nitakipata wapi?"

Nilimtazama baba. Baba alikuwa akicheka. "Mwache akate," alisema. "Mimi mwenyewe nilikata moja mwaka 1996. Hukuwahi kuona kwamba hazifanani?"

Sikuwahi. Fundi alikata baina ya pezi na pezi, pole pole, akisimama kila mara kutazama, mpaka msumeno ulipobakiza unene wa karatasi juu ya hesi. Akafanya hivyo upande wa pili. Kisha akaweka tindo katika mkato, akagonga mara moja, nati ikafunguka vipande viwili kama ganda la kungu. Hesi chini yake ilikuwa nzima, na baada ya kusuguliwa ikang'aa.

Kichwa cha kushoto kilisafiri Dar es Salaam kwa basi, ndani ya khanga ya mama. Mkerezaji mmoja alikichomelea alumini mahali palipopukutika, akakifunga katika mashine yake na kukata hesi mpya. Kazi ilichukua miezi miwili, na ujira wake ungenitosha kununua mafuta yale ya shaba kwa muda wote nitakaoishi.

Sailensa zilikuwa na ugonjwa mwingine, nao nilidhani ni wa bahari, kumbe kwa sehemu kubwa ulitoka ndani. Watu wachache hufikiri kwamba moto huzaa maji. Lita moja ya petroli, ikiungua, hutoa mvuke ambao ukipoa huwa karibu lita nzima ya maji. Katika safari ya Moshi mvuke huo hutoka wote, maana bomba lote ni la moto kutoka mwanzo hadi mwisho. Katika safari ya kwenda sokoni na kurudi, sailensa haijapata moto wa kutosha; mvuke hugeuka maji humo ndani, huchanganyika na tindikali za moshi, na hukaa hapo ukila bati usiku kucha. Ndiyo sababu pikipiki ya safari huharibika upesi ikifanywa ya mtaani. Miaka ya mwisho baba, macho yakiwa yamepungua, hakuwa akitoka nje ya mji. Nilipozigonga sailensa kwa kidole zilitoa sauti ya debe bovu, na chini, karibu na vile vitundu vidogo vilivyowekwa makusudi ili maji yatoke, bati lilivunjika kama biskuti. Vitundu vyenyewe vilikuwa vimezibwa na tope la kutu. Fundi alikata sehemu iliyooza akaunga kipande kipya. Si kazi ya kupendeza macho, lakini haivuji.

Sasa nina daftari. Kila mwaka, wiki ile ile ya baada ya Idi Kubwa, nafungua nati zote mbili, nasugua, napaka, nafunga. Nalegeza vibano vya kile kipande cha chini kinachounganisha mabomba, maana navyo hushikana vikisahauliwa. Nachokonoa vitundu vya sailensa kwa waya. Siiwashi injini kwa ajili ya kuiwasha tu. Nikiiwasha naiendesha hadi Muheza na kurudi, ili ikauke tumboni. Na siiwashi chini ya paa.

Mara ya kwanza tulipoiwasha baada ya matengenezo yale ilikuwa Agosti 2019, asubuhi, uani, upepo ukivuma kutoka baharini. Baba aliketi mbali, upande unakotoka upepo. Mimi nilimpimia hatua kumi, naye akavumilia kupimiwa. Nikapitisha udi kushoto, moshi wake ukapanda wima. Nikapitisha kulia, vivyo hivyo. Nikapiga resi, nikaurudisha mkono wa mafuta ghafula.

"Pa," alisema baba.

"Sikusikia, baba."

"Mara moja tu. Kulia, chini, penye kile kipande cha kati. Rudia."

Nilirudia mara tatu. Kisha nikazima, tukangoja ipoe ili niweze kushika kibano.